CW kwa Penseli

Jumatatu, 28 Aprili

Daftari hili nilipewa Kisumu wiki jana, kwenye semina ya afya ya mwalimu. Tulilishwa kuku, tukafundishwa kupumua, kisha mama mmoja mwenye sauti kama dawa ya kikohozi akatugawia madaftari: andikeni mnavyojisikia, muhula mzima. Mimi ni mtumishi wa umma mtiifu. Leo najisikia nina njaa.

Kwa atakayeliokota: naitwa Okinyi, miaka hamsini na minne, naibu mwalimu mkuu katika shule iliyo kati ya mashamba ya mpunga ya Ahero na mto ambao kila mwaka hutaka kuja kusoma nasi. Nafundisha Kiswahili. Mke wangu Dorca husema Kiswahili changu kina miiba kama samaki aina ya ningu: kitamu, lakini anayekisikiliza ale polepole.

Kazi yangu kubwa ni ratiba. Naichora kwenye karatasi ya manila, naibandika ukutani katika ofisi ya walimu. Wino ni kwa mwenye kipindi, penseli ni kwa anayemshikia mwenzake kwa muda. Penseli yenyewe hukaa sikioni mwangu. Kanisani Dorca huitoa kabla ya kwenda kupokea sakramenti.

Leo mwalimu mkuu wetu, Mama Mercyline, aliniita akafunga mlango. "Ouma ameacha kazi," akasema. "Ameenda Dunga kuuza chakula cha samaki."

Huyo ni mwalimu wa nne kuondoka katika miaka miwili.

"Sayansi sasa imebaki na huyu msichana wa Bungoma peke yake. Okinyi, akienda huyu, gredi ya tisa itaingia mtihani na nani? Fanya ufanyavyo, Celestine asituponyoke."

Nikamwambia amwache mikononi mwangu. Nikaenda kwenye manila. Vipindi vya Ouma vilikuwa kumi. Nikaandika CW mara kumi, kwa penseli.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua.

Jumatano, 30 Aprili

CW ni Celestine Wechuli, mwalimu wa mkataba wa mwaka mmoja, na huu ni wa pili. Ana miaka ishirini na sita, ni mfupi, na ana gambuti, mabuti ya mpira, za kijani ambazo huziacha mlangoni mwa ofisi kila asubuhi baada ya kutembea juu ya kingo za mitaro ya mpunga. Nikifika nakuta gambuti, najua shule imeshafunguliwa.

Alisimama mbele ya ratiba na kikombe cha chai.

"Mwalimu, hizi CW za penseli pia ni mimi?"

"Ni wewe kwa muda, nyar Bungoma. Penseli hufutika." Nyar kwetu ni binti.

"Muda gani?"

"Mpaka watume mtu."

"Watatuma lini?"

"Sasa unataka kunifanya nabii, na huu tumbo wangu? Manabii hufunga." Wanafunzi wangu wakiona nimeandika "huu tumbo" watafurahi mwezi mzima. Acha libaki.

Akacheka, akaosha kikombe, akachukua chaki. Ndicho ninachompendea: hasemi hapana. Sivyo alivyo Griffins, wa michezo na hisabati. Huyo ndiye niliyemwomba kwanza. Hakuinua hata kichwa. "Mzee, nina vipindi ishirini na sita. Vinanitosha." Akaendelea na mandazi yake. Mvivu.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Mto umefika kwenye goli la upande wa chini.

Jumanne, 6 Mei

Goli halionekani.

Alhamisi, 8 Mei

Maji yaliingia madarasa mawili usiku. Tulipofika asubuhi, samaki mmoja, kamongo, alikuwa amejilaza chini ya dawati la gredi ya saba. Nikasema angalau mmoja amewahi. Wazazi waliokuja kuokoa madawati wakacheka, kisha kamongo akaenda na mzazi, wala sikuuliza.

Lakini watoto wa gredi ya saba na ya nane tungewapeleka wapi? Kanisa lililo upande wa juu likatupa jengo. Ni chumba kimoja, watoto mia moja na kumi na wanne, nao wanasoma gredi mbili tofauti. Nikasimama mlangoni nikikuna kichwa. Celestine alikuwa ameshapanga mabenchi, ya gredi ya saba yakitazama madhabahu, ya nane yakitazama mlango, na ubao mmoja kila upande. Akawa anafundisha akitembea katikati. Anawapa hawa zoezi, anageuka, anawaeleza wale. Saa nne mfululizo, gambuti miguuni, sauti ikishindana na mabati.

Nilikaa benchi la nyuma nikasahau kuwa mimi ni mkubwa wake. Alikuwa anaeleza jinsi maji yanavyopanda angani na kurudi. "Mvua hii inayowafukuza nyumbani," akawaambia, "mwezi uliopita ilikuwa ziwa." Msichana mmoja wa gredi ya saba akauliza kama basi wanaweza kuirudisha. Akafikiri kweli kweli kabla ya kujibu. Miaka thelathini nafundisha, sijui kama niliwahi kulifikiria swali la mtoto namna ile.

Nilipotoka nilimwambia, "Nyar Bungoma, umetuokoa."

"Ni kwa muda, Mwalimu, si ndiyo?"

"Kwa muda tu."

Jumatatu, 19 Mei

Bado tuko kanisani. Mwalimu wa zamu wiki hii ni Celestine. Wiki jana pia alikuwa yeye, maana aliyepangiwa anaishi ng'ambo ya mto na daraja halipitiki.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imepungua. Tumerudi madarasani. Kuta zina mstari wa tope unaofika magotini. Watoto huupima kila mtu anaposimama: mimi hunifika chini kidogo ya goti, Madam Celestine humfika juu yake.

Atieno wa kilimo ameanza likizo ya uzazi leo. Vipindi vyake ni sita. Nilimtazama Griffins. Griffins akatazama dirishani.

CW.

Jumanne, 3 Juni

Nimeamua kumshika Celestine kwa mapishi. Dorca alikaanga ngege wawili nikampelekea kwenye kontena. Alishukuru sana, akaliweka juu ya kabati, akaingia darasani. Saa kumi kontena lilikuwa bado hapo, na paka wa shule akiliombea.

Jumatatu, 9 Juni

Viazi vitamu. Amekula kimoja akiwa amesimama, daftari la mtoto mkononi, kalamu nyekundu mdomoni.

Ijumaa, 13 Juni

Afisa wa elimu alitutembelea. Alisimama mbele ya ratiba yangu kwa dakika tano, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye jumba la makumbusho.

"Bwana Okinyi, katika eneo lote hili ni shule yako tu isiyo na kipindi kitupu. Unafanyaje?"

"Ni kujipanga tu, bwana."

Alinipiga picha nikiwa na manila. Nilivuta tumbo ndani. Celestine alikuwa nyuma yetu mezani akisahihisha, na kwenye picha inaonekana mkono wake.

Nilipomsimulia Dorca, alikuwa akichambua mchele. Hakusimamisha vidole.

"Unampelekea samaki, unampelekea viazi. Umewahi kumuuliza kama amechoka?"

"Angechoka angesema."

"Ng'ombe wa maziwa pia hulishwa vizuri, baba Sheryl."

Nikamwambia anafaa kuwa afisa wa elimu. Sikulala vizuri. Labda ni chai.

Jumanne, 17 Juni

Celestine amemwita Shantel "Ouma". Shantel ni kiranja wa gredi ya tisa, msichana anayeuliza maswali mpaka ubao unachoka. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, wala hakujirekebisha.

Jumanne, 24 Juni

Jua. Tope limekauka na kupasuka kama ngozi ya kisigino changu. Gambuti za kijani bado huwa mlangoni kila asubuhi ingawa barabara ni kavu. Nilimtania: "Nyar Bungoma, unangoja gharika ya pili?"

Akazitazama kana kwamba ni za mtu mwingine. "Nilivaa tu," akasema.

Jumanne, 1 Julai

Amechovya chaki kwenye chai. Akaendelea kuikoroga.

Jumanne, 8 Julai

Naandika haya mchana, mlango wa ofisi yangu umefungwa.

Katika kipindi cha pili Shantel alikuja akasimama mlangoni. Kwa kawaida sauti yake hufika kabla yake. Leo alinong'ona.

"Mwalimu, tumechoka kusimama."

Nikadhani ni adhabu fulani. Nikamfuata, nikitunga mzaha wa kuwaambia.

Kwetu mwalimu akiingia, darasa husimama na kumwamkia, naye huwaambia waketi. Celestine alikuwa ameingia. Watoto sitini na wanane walisimama, wakamwamkia. Hakuwaambia waketi. Alienda ubaoni, akaandika tarehe, akabaki pale, chaki imegusa ubao, mgongo kwao. Ilikuwa imepita dakika ishirini na tano. Hakuna aliyeketi maana hawakuambiwa. Wala hakuna aliyecheka, na watoto hawa mimi nawajua, wao humcheka hata pasta. Waliniangalia kama watu wanaomwangalia daktari akitoka chumbani.

Tarehe aliyoiandika ilikuwa ya mwezi wa Mei.

Nikaenda mpaka karibu naye. "Celestine." Sikusema Madam wala nyar Bungoma.

"Wameketi?" akauliza bila kugeuka.

"Bado."

"Niliwaambia."

"Pengine hawakusikia."

"Niliwaambia, Mwalimu."

Nikawaashiria watoto waketi. Mabenchi yalilia yote kwa pamoja, naye akashtuka kama aliyeamshwa. Chaki ikaanguka. Nilimtoa nje nikimshika kiwiko, nikamkalisha ofisini kwangu, nikamletea chai yenye sukari nyingi. Nikaanza kumsimulia habari za kamongo wa gredi ya saba, ati nimchekeshe. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Kipindi kijacho nina gredi ya nane," akataka kuinuka.

Griffins ndiye aliyempeleka kliniki kwa pikipiki yake. Hakuomba ruhusa. Gredi ya nane nimeiingia mwenyewe. Nimewafundisha methali katika kipindi cha sayansi.

Jumatano, 9 Julai

Hapa ndipo ninapotaka kuandika polepole.

Asubuhi gambuti zilikuwa mlangoni. Alikuja ofisini kwangu na barua ya kliniki, amepewa siku kumi za kupumzika. Aliishika kwa mikono miwili kama mtoto anayeleta cheti cha kushindwa.

"Mwalimu, naomba hizi siku."

Katika miaka miwili ilikuwa mara ya kwanza Celestine kuniomba kitu.

Nikaisoma. Nikainua macho nikaona manila kupitia mlangoni. Mtihani wa majaribio wa gredi ya tisa ulikuwa unaanza kesho na kuendelea mpaka Jumatatu. Nikaiona akilini picha aliyonipiga afisa. Nikamwona Mama Mercyline. Miye mwenye mizaha sikuwa na hata mmoja, basi nikatumia upole, na upole wangu ni mbaya kuliko kelele za wengine.

"Mwanangu, siku hizi ni zako, hakuna wa kukunyang'anya. Ila hawa watoto wako. Ukiondoka leo nani atawasimamia? Hatuwezi kuzisukuma kidogo? Tuseme Jumanne, baada ya mtihani?"

Akaitazama barua. Nilimwona akilitafuta lile neno moja. Nilimwona kabisa. Na ningeweza kumsaidia kulipata.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Jumanne."

Akaikunja barua, akaiweka mfukoni, akaenda kupanga madawati ya mtihani.

Alhamisi, 10 Julai

Mtihani umeanza vizuri.

Jumatatu, 14 Julai

Mtihani umeisha. Celestine amebaki kusahihisha. Nilimwambia aende, akasema anamaliza.

Jumanne, 15 Julai

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Mlangoni hapakuwa na gambuti.

Mezani pake madaftari na karatasi zote za mtihani zilikuwa zimepangwa kwa herufi, zimesahihishwa. Karatasi ya Shantel ilikuwa juu. Chini ya jibu moja aliloshindwa, Celestine alikuwa ameandika mistari sita ya maelezo. Mkono wake ni uleule, ila mstari wa mwisho unashuka, unashuka, mpaka unatoka nje ya karatasi.

Nikajiambia ni zile siku kumi zimeanza.

Ijumaa, 18 Julai

Barua imemfikia Mama Mercyline. Ina mistari miwili. Celestine amevunja mkataba.

"Si nilimkabidhi mikononi mwako?" Mama Mercyline akaniuliza.

Nikaitazama mikono yangu. Penseli bado ilikuwa sikioni.

Jumatatu, 21 Julai

Griffins alinikuta mbele ya ratiba. Nilikuwa nikihesabu. Wino: ishirini na mbili. Penseli: kumi na sita. Vipindi thelathini na nane, na wiki nzima ina arobaini. Sijui miezi hii yote nilikuwa nikihesabu nini. Nadhani nilikuwa nikihesabu nafasi tupu tu.

"Mzee," Griffins akasema, "unajua kwa nini mimi bado niko hapa?"

"Kwa sababu hakuna shule nyingine ingekuvumilia."

"Kwa sababu nilikukataa."

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kule Katito. Nilikuwa CW wa huko. Kila aliyeondoka, jina langu. Siku moja nikajikuta kituoni nimeshika mfuko wa vitabu, na sijui kama naenda shule au natoka. Niliketi hapo mpaka jioni. Tangu hapo nikajifunza kusema vinanitosha."

"Mbona hukumwambia yeye?"

"Nilimwambia. Akasema wewe ni mtu mzuri, hataki kukuangusha." Akachukua mpira wake. "Na ni kweli, omera, ndugu yangu. Wewe ni mtu mzuri. Hiyo ndiyo shida. Ungekuwa mtu mbaya, angekukataa siku ya kwanza."

Nimemwita mvivu katika kurasa hizi. Silifuti. Libaki linitazame.

Alhamisi, 24 Julai

Nilichukua raba nikaanza kufuta penseli. Nilimwambia hufutika. CW zikatoka, lakini nilikuwa nimebonyeza sana, na ukisimama upande wa dirisha bado unazisoma. Kwenye Alhamisi, kipindi cha nne, karatasi ilitoboka.

Mama Mercyline ana habari njema: muhula ujao tunaletewa kijana mpya. "Nimeongea naye kwa simu. Mnyenyekevu sana. Amesema yuko tayari kwa lolote."

Nikachora manila mpya. Kijana nimempa ishirini na mbili, kwa wino. Mimi nimejiongezea vinne, na Dorca amenikumbusha umri wangu. Griffins, bila kuombwa, amechukua kimoja. Kimoja tu, akasema. Vilivyobaki nimeviacha vitupu. Mama Mercyline akauliza watoto watafanya nini katika saa hizo. Nikamwambia watapiga kelele, na kelele hizo afisa azisikie. Akaniambia nimeanza kuzeeka. Yawezekana. Lakini ratiba imebaki hivyo.

Jumanne, 29 Julai

Celestine amepiga simu. Nilikuwa nimempigia mara saba, nikakata mara sita kabla haijaita. Anaomba barua ya kumpendekeza. Kuna duka la vifaa vya maabara mjini Kisumu, la mama mmoja aitwaye Kanta, linatafuta muuzaji. Atauza vile vikombe vya kioo ambavyo miaka miwili alifundisha akivichora ubaoni.

"Unalala?" nikamuuliza.

"Naanza kulala."

"Huwezi kurudi? Hata nusu?"

 Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Hapana, Mwalimu."

Nilifurahi kulisikia. Na lilinichoma.

Ijumaa, 1 Agosti

Siku ya kufunga shule. Barua niliianza mara tatu. Mara ya kwanza nilijaza ukurasa: ni mwaminifu, ni hodari, huwahi, na hajawahi kukataa kazi yoyote aliyopewa. Nikaisoma. Nikamwona huyo Mama Kanta akiisoma na kutabasamu, kama nilivyotabasamu mimi. Nikaichana.

Alikuja saa nne. Amevaa viatu vya kawaida. Gambuti alikuwa amezibeba kwenye mfuko, zimeoshwa, apewe Shantel, ambaye nyumbani kwao maji huingia kwanza. Alisoma barua akiwa amesimama.

"Umeandika, 'Ukimpa kazi ya ziada, muulize kwanza, na umsubiri ajibu.'"

"Ndiyo."

"Watadhani mimi ni mkaidi."

"Na wadhani."

Akaikunja. "Wewe hukuwahi kuniuliza."

"Sikuwahi. Hata ile Jumatano, nilikuona ukilitafuta neno, nikakaa kimya." Nilikuwa nimejitayarishia mengi ya kusema, pamoja na mzaha mmoja wa mwisho kuhusu Bungoma. Nikasema tu, "Nisamehe, Celestine."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Dorca msalimie. Wale samaki, sikuwahi kuwala. Uniombee radhi."

Nilimsindikiza mpaka kona ya madarasa. Njia ya langoni inapita kwenye madirisha ya gredi ya tisa. Walikuwa ndani wakingoja shule ifungwe, hawana mwalimu, na kelele zao zilisikika mpaka barabarani. Shantel alimwona kwanza. Sijui nani alitoa amri, nadhani hakuna. Kelele zikakatika, na watoto sitini na wanane wakasimama, wakageukia dirisha.

Celestine alisimama. Nilidhani ataendelea na safari. Aliwatazama mmoja mmoja kama anayeita majina, kisha akainua mkono, akaushusha polepole: ketini.

Wakaketi. Yeye akashika njia ya langoni. Niliyebaki nimesimama ni mimi peke yangu.